Alexander Agassiz

Alexander Emanuel Agassiz (Neuchâtel, Uswisi, 17 Desemba 1835 – baharini, Atlantiki, 27 Machi 1910) alikuwa mwanazuolojia, mhandisi na mwenye migodi wa Marekani, mzaliwa wa Uswisi. Anakumbukwa kama mmoja wa waanzilishi wa elimu ya bahari kuu. Alikuwa pia kati ya watu wa kwanza walioona kwa macho yao kwamba magogo, matawi na majani yanayosombwa na mito huzama hadi gizani kabisa, na kwamba huko chini yamezungukwa na wanyama wengi. Alikuwa mwana wa Louis Agassiz, mtaalamu mashuhuri wa samaki na barafu, na kwa sababu hiyo vitabu vingi humtaja baba na kumsahau mwana.

Utoto na elimu

Mama yake, Cécile Braun, alikuwa mchoraji hodari aliyechora picha nyingi za vitabu vya mumewe. Ndoa hiyo haikudumu kwa amani. Louis alihamia Marekani mwaka 1846 akiiacha familia nyuma, na Cécile akafa mwaka 1848 baada ya kuugua. Mwaka uliofuata Alexander, akiwa na umri wa miaka 13, alivuka bahari kumfuata baba yake, asiyemfahamu vizuri, katika nchi ambayo hakujua lugha yake.

Mwaka 1850 Louis alimwoa Elizabeth Cabot Cary wa Boston. Hapa ndipo bahati ya kijana huyu ilipogeuka, kwa maana mama huyu wa kambo alimlea kama mwanawe wa kumzaa, naye Alexander alimpenda na kumheshimu hadi mwisho wa maisha yao. Baadaye walitunga pamoja kitabu juu ya wanyama wa pwani (1865), na Elizabeth ndiye aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Chuo cha Radcliffe, kilichoanzishwa ili wanawake wapate elimu ya Harvard.

Alexander alihitimu Harvard mwaka 1855, kisha akasomea uhandisi na kumaliza mwaka 1857. Kwa kuwa baba yake alikuwa na madeni yasiyokwisha, familia ilifungua shule ya wasichana nyumbani kwao Cambridge, naye Alexander akawa mwalimu humo. Alikuwa mtu wa haya, mwenye maneno machache, tofauti kabisa na Louis ambaye angeweza kuuteka umati wa watu kwa hotuba moja. Mwaka 1859 alifanya kazi ya upimaji wa pwani huko California, akakusanya wanyama wa bahari kwa muda wake wa ziada. Mwaka 1860 alimwoa Anna Russell, na wakajaliwa watoto watatu wa kiume.

Katika miaka hiyo baba yake alikuwa akijenga Jumba la Makumbusho la Zuolojia Linganishi la Harvard, na Alexander aliajiriwa humo kwa mshahara mdogo. Yeye ndiye aliyeshika hesabu na kuhakikisha wafanyakazi wanalipwa, huku mzee akiagiza mapipa mapya ya samaki bila kuuliza kama fedha ipo.

Mgodi wa Calumet

Shemeji yake, Quincy Adams Shaw, alikuwa amenunua hisa katika mgodi mpya wa shaba wa Calumet, kaskazini mwa jimbo la Michigan, karibu na Ziwa Superior. Mgodi ulikuwa na shaba nyingi sana, lakini uliendeshwa vibaya, na ulikaribia kufilisika. Mwaka 1867 Alexander aliamua kwenda kuusimamia mwenyewe. Alikaa huko hadi mwaka 1868, majira mawili ya baridi kali, akifanya kazi tangu alfajiri hadi usiku: kujenga reli, kufunga mitambo ya kupondea mawe, kusuluhisha ugomvi, kuwatuliza wenye hisa wa Boston waliotaka faida mara moja. Aliporudi nyumbani afya yake ilikuwa imeharibika, na haikupona tena sawasawa.

Kampuni mbili jirani ziliunganishwa mwaka 1871 na kuwa Calumet and Hecla, naye akawa rais wake hadi alipokufa. Kwa miaka mingi ulikuwa mmoja wa migodi ya shaba yenye faida kubwa kuliko yote duniani, na Alexander akawa tajiri. Utajiri huo ndio uliolipia karibu kila kitu kitakachosimuliwa hapa chini. Alitoa mamia ya maelfu ya dola kwa jumba la makumbusho la Harvard, akagharimia safari za baharini na uchapishaji wa matokeo yake, na mara nyingi hakutaka jina lake litajwe.

Kuna upande wa pili ambao haufai kuachwa. Kampuni ilijenga nyumba, shule, hospitali na maktaba kwa wachimbaji, wengi wao wahamiaji kutoka Cornwall, Ufini, Italia na Kroatia. Lakini haikuvumilia vyama vya wafanyakazi, na Agassiz mwenyewe hakutaka kujadiliana na wagomaji. Aliamini kwamba mwenye mali akiwa mwadilifu inatosha. Miaka mitatu baada ya kifo chake ulitokea mgomo mkubwa katika eneo hilo, na siku ya mkesha wa Krismasi 1913 watu zaidi ya 70, wengi wao watoto, walikufa kwa kukanyagana katika ukumbi wa Calumet ambamo familia za wagomaji zilikuwa zikisherehekea.

Desemba 1873

Mwanzoni mwa miaka ya 1870 Agassiz alikuwa akichapisha kazi yake kubwa juu ya urchini wa baharini, yaani wale wanyama wa mviringo wenye miiba mingi ambao mtembea miambani hujihadhari asiwakanyage. Ni jamaa za kiti cha pweza na jongoo bahari. Kazi hiyo, iliyotoka kwa sehemu kati ya 1872 na 1874, ilipanga upya spishi zote zilizojulikana, na mpaka leo majina mengi aliyoyatoa bado yanatumika.

Kabla haijamalizika, baba yake aliugua akafa tarehe 14 Desemba 1873. Mkewe Anna, aliyeshiriki kumuuguza mzee, alishikwa na homa ya mapafu akafa siku nane baadaye. Alexander alikuwa na umri wa miaka 38. Hakuoa tena. Waliomfahamu walisema kwamba tangu siku hizo hakuweza kukaa mahali pamoja kwa muda mrefu. Kwa miaka 35 iliyofuata karibu kila majira ya baridi, msimu uleule wa msiba, alikuwa safarini mbali na nyumbani.

Safari ya kwanza kubwa ilikuwa ya Peru mwaka 1875, alikopima kina cha Ziwa Titicaca na kukusanya viumbe wake. Mwaka uliofuata alikwenda Edinburgh kusaidia kupanga makusanyo ya meli ya Uingereza, Challenger, iliyokuwa imezunguka bahari za dunia tangu 1872. Alikabidhiwa urchini wote wa safari ile awaandikie taarifa, nayo ilitoka mwaka 1881. Huko ndiko alikoimarisha urafiki na John Murray, ambao ulikuja kuathiri sana mawazo yake.

Meli ya Blake

Challenger ilivuta nyavu zake kwa kamba nene za katani. Kamba ya kufika kina cha pima 2,000 ilijaza sehemu kubwa ya meli, na mvuto mmoja uliweza kumeza siku nzima. Agassiz alikuwa ameona migodini jinsi waya wa chuma unavyonyanyua mizigo kutoka shimo refu. Kwa nini usitumike baharini? Alipopewa nafasi katika meli ndogo ya upimaji wa pwani ya Marekani, Blake, mwaka 1877, aliifunga kamba ya waya. Ilikuwa nyembamba, nzito na imara, ikachukua nafasi ndogo, na ikawezesha kuvua mara kadhaa kwa siku. Muda si mrefu meli nyingine za utafiti zikafuata mfano huo.

Yeye na kamanda wa meli, Charles Sigsbee, walibadilisha pia wavu wenyewe. Wavu wa zamani ukianguka kifudifudi haukamati kitu, na aliye juu hana njia ya kujua. Walitengeneza fremu yenye pande mbili zinazofanana, hivyo uangukie upande wowote utafanya kazi. Wavu wa namna hiyo bado unaitwa kwa jina la Agassiz na bado unatumika.

Kati ya 1877 na 1880 Blake ilifanya safari tatu: Ghuba ya Meksiko, visiwa vya Karibi, na pwani ya mashariki ya Marekani. Masimulizi yake, katika juzuu mbili, yalitoka mwaka 1888. Ni kitabu kinachosomeka vizuri hata kwa asiye mtaalamu.

Miti iliyozama

Katika bahari ya Karibi, upande wa visiwa usioelekea upepo, nyavu za Blake zilileta kitu ambacho hakikutarajiwa. Kutoka kina cha zaidi ya pima 1,000, yaani karibu mita 1,800 na zaidi, maili kumi na kitu kutoka nchi kavu, yalipanda matope yaliyojaa majani ya miembe na michungwa, vipande vya mianzi, miwa, kungumanga na makombe ya konokono wa bara. Mchanganyiko huo ulikuwa pamoja na kamba, samaki, sponji na urchini wa kilindini, wote katika wavu mmoja. Agassiz alitambua mara moja uzito wa jambo hili kwa wanajiolojia. Kama matope yale yangegeuka mwamba, mtu wa baadaye angepata jani la mwembe kando ya mnyama wa bahari kuu, na asingejua aseme mahali pale palikuwa nchi kavu au bahari.

Aliliona tena kwa wingi zaidi mwaka 1891, alipoongoza safari ya meli Albatross katika Pasifiki, kutoka Panama kwenda visiwa vya Galápagos na kisha pwani ya Meksiko. Kati ya Panama na Galápagos ilikuwa nadra wavu kupanda bila magogo, matawi, mbegu na majani yaliyooza kwa viwango mbalimbali. Misitu ya Amerika ya Kati ilikuwa, kwa namna ya kusema, ikimwaga takataka zake baharini, na mikondo ikizitawanya mbali sana.

Ili kuelewa kwa nini jambo hili ni muhimu, lazima tukumbuke hali ya kilindini. Chini ya mita elfu moja hakuna mwanga wa jua wa kukuza mmea wowote. Viumbe wengi hutegemea makombo yanayoanguka kutoka juu, nayo ni haba. Gogo moja lililozama ni sawa na karamu iliyoshushwa jangwani.

Walaji wakuu wa karamu hiyo ni kombe wadogo wa jenasi Xylophaga, jina la Kigiriki lenye maana ya mla mbao. Ni jamaa wa wale watobozi wa mbao ambao mabaharia wa pwani yetu wanawajua kwa hasara yao, na ambao kwa ajili yao jahazi hupandishwa ufukoni na kupakwa deheni. Tofauti ni kwamba wale wa majahazi hukaa maji ya juu, ilhali ndugu zao wengi hukaa kilindini. Mtoto wa Xylophaga huelea majini akiwa mdogo sana, akigusa mti hujishikiza, kisha huanza kukwangua kwa kingo za magamba yake zenye meno kama tupa. Mbao aliyoikwangua huimeza. Bila msaada asingeweza kuimeng'enya, kwa kuwa selulosi ni chakula kigumu kwa mnyama, lakini ndani ya matamvua yake wanaishi bakteria wanaomfanyia kazi hiyo.

Na si yeye peke yake anayenufaika. Kinyesi chake, ambacho ni unga wa mbao uliolainishwa, huliwa na minyoo na kamba wadogo. Matundu yake huwa nyumba za wengine. Konokono weupe wa jenasi Cocculina, aliyoielezea William Healey Dall mwaka 1882, hukwangua uso wa mti. Samaki na viti vya pweza huja kuwawinda wote hao. Mti ukiendelea kuoza hutoa gesi yenye harufu ya yai bovu, na gesi hiyo nayo hulisha bakteria wanaoishi ndani ya kome wadogo. Baadaye gogo humalizika, na jamii nzima hufa isipokuwa watoto waliokwisha kuelea kutafuta gogo jingine.

Agassiz hakuyajua mengi kati ya haya. Alikuwa na wavu tu, na wavu huleta vitu vikiwa vimevurugika. Aliona mti na aliona wanyama, akasema kwamba wingi wa viumbe karibu na nchi kavu unaendana na chakula kinachosombwa na mikondo. Uthibitisho ulikuja katika jumba lilelile alilolijenga. Ruth Turner (1914–2000), aliyeanza kufanya kazi humo mwaka 1945, alitumia maisha yake kuchunguza kombe watobozi. Mwaka 1971 alikuwa mwanasayansi mwanamke wa kwanza kushuka katika nyambizi ya utafiti Alvin. Mbao zilizowekwa kwa makusudi katika kina cha mita 1,830 zilipoinuliwa baada ya siku 104 zilikuwa zimetobolewa vibaya na Xylophaga. Matokeo hayo, aliyoyachapisha mwaka 1973, yalionyesha kwamba hata kilindini, palipodhaniwa kila kitu huenda polepole, wanyama hao hukua upesi, huzaa mapema na huliwahi gogo kabla halijakwisha. Turner alikuja kuwa profesa wa Harvard mwaka 1976, na cheo alichoshika kilibeba jina la Alexander Agassiz.

Mwaka 1986 walielezewa wanyama wa ajabu kutoka mbao zilizozama karibu na Nyuzilandi, jenasi Xyloplax: viduara vidogo bapa vya milimita chache, ambavyo ni viti vya pweza visivyo na mikono. Mtu aliyetumia ujana wake kupanga jamaa za kiti cha pweza angefurahi sana kuwaona.

Ugomvi juu ya matumbawe

Nusu ya pili ya maisha yake Agassiz aliitumia katika swali moja: visiwa vya matumbawe vya duara, vinavyoitwa atoli, vilitokeaje? Charles Darwin alikuwa ameeleza mwaka 1842 kwamba mwamba wa matumbawe huanza kando ya kisiwa cha volkeno, kisiwa hudidimia polepole, na matumbawe hujijenga kwenda juu hadi kisiwa kinatoweka na kubaki duara tupu. John Murray alipinga. Alidai atoli hujengwa juu ya vilima vya bahari vilivyoinuliwa na mashapo, bila haja ya kudidimia.

Agassiz aliegemea upande wa Murray, na mtu huuliza kwa nini. Louis, baba yake, alikuwa mpinzani mkubwa wa Darwin, akafundisha hata kwamba jamii za wanadamu ziliumbwa mbalimbali, fundisho ambalo wenye watumwa walilipokea kwa furaha. Alexander hakumfuata katika hayo. Aliikubali nadharia ya mageuko na kuandikiana na Darwin kwa heshima. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, kilichomsukuma kilikuwa hofu ya kosa la wote wawili, baba yake na Darwin vilevile: kujenga jambo kubwa juu ya mahali pachache palipotazamwa. Kwa hiyo alitaka kutazama kila mahali. Alikwenda Bahama, Bermuda, Florida, Hawaii, Australia, Fiji, visiwa vingi vya Pasifiki, na mwaka 1901–1902 alivuka Bahari ya Hindi hadi Maldivi. Kila alikofika aliona mambo yanayotofautiana na maelezo rahisi, akachapisha juzuu baada ya juzuu.

Kitabu cha jumla, ambacho kingeeleza nadharia yake mwenyewe, aliahidi mara nyingi. Alikianza, akakiacha, akakianza upya. Alipokufa hakikuwepo. Mwaka 1952 wahandisi wa Marekani walichimba atoli ya Enewetak katika Pasifiki, wakapita zaidi ya mita 1,200 za mawe ya matumbawe kabla ya kugonga mwamba wa volkeno. Matumbawe hayawezi kuota katika kina kama hicho, kwa hiyo kisiwa kilikuwa kimedidimia kweli, na katika jambo hilo kuu Darwin alikuwa sahihi. Hata hivyo maelezo ya Agassiz juu ya miamba aliyoitembelea yangali na faida, kwa sababu mengine ndiyo rekodi ya zamani iliyo bora ya mahali hapo.

Miaka ya mwisho na kifo

Kuanzia 1901 hadi 1907 alikuwa rais wa Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani. Safari yake ndefu ya mwisho kwa Albatross, ya Pasifiki ya mashariki, ilifanyika mwaka 1904–1905, akiwa anakaribia miaka 70. Mgodi uliendelea kumhitaji kila mwaka, na kila mwaka alikwenda Calumet kukagua.

Majira ya baridi ya 1909–1910 aliyatumia Ulaya. Akiwa njiani kurudi nyumbani kutoka Southampton kwa meli ya abiria Adriatic, alifariki usingizini usiku wa kuamkia Jumapili ya Pasaka, 27 Machi 1910. Mwili wake ulifikishwa Marekani akazikwa Boston, kando ya Anna.

Spishi nyingi zimepewa jina lake. Mojawapo ni mjusi Anolis agassizi, anayepatikana tu katika kisiwa cha Malpelo, mwamba mkavu usio na msitu katika Pasifiki, ambako Albatross ilipita mwaka 1891.